KASHESHE YA TRIGA: BABU, MJUKUU NA BUNDUKI YA TANGU ENZI

Vidole vyangu bado vinanuka mafuta ya bunduki. Usishtuke, sijaingia kwenye ujambazi! Kaa vizuri, agiza chai na chapati moja, nikupe mkasa mzima toka huku kwenye baridi ya Pennsylvania, Marekani.

Wale wapya kwenye safu hii niwakumbushe kidogo. Mimi ni kijana wenu wa Temeke, nimeishia Fomu Foo, nikacheza ile bahati nasibu ya grini kadi kama mnavyocheza wote, jina likatoka. Usiku napanga maboksi kwenye ghala, mchana nalala, na katikati ya hapo nawaandikia nyie. Nimepanga chumba kwa mzee mmoja mjane wa miaka 78. Humo ndani yumo binti yake, ambaye ni nesi wa chumba cha dharura, na binti wa huyo binti, katoto ka miaka 12 kenye maswali kama hakimu. Haka katoto nimekafundisha kuniita "kaka", na kananiita kweli, ila lafudhi yake we acha tu.

Sasa huku kuna jambo moja ambalo Bongo halipo. Mwishoni mwa Novemba, baada ya Sikukuu ya Shukrani, watu wanaingia porini kuwinda kulungu. Zamani msimu wa bunduki ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na shule nyingi zilikuwa zinafungwa siku hiyo kabisa. Tangu mwaka 2019 unafunguliwa Jumamosi. Mtoto akifikisha miaka 12 na akafaulu kozi ya usalama, anaruhusiwa kukata leseni na kwenda na mtu mzima. Wanavaa nguo za rangi ya chungwa inayowaka, unaweza kudhani ni wafagiaji wa Jiji, ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe.

Katoto kamefaulu kozi. Babu kafurahi mpaka meno bandia yakataka kuanguka. Akasema mjukuu wake atatumia bunduki yake mwenyewe, Remington 700 aliyoinunua miaka ya sabini, mti wake unang'aa kama kabati la bibi harusi. Hapo ndipo mama mtu alipoweka sahani chini na kusema: "Baba, ile bunduki haishikwi na mwanangu mpaka ubadilishe triga."

Mzee akanuna siku mbili.

Nikataka kujua kulikoni, maana kwangu mimi triga ilikuwa kile kidude unachovuta kwenye sinema, basi. Babu yangu mzaa baba kule Handeni alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe na ngedere shambani, linaning'inia darini, na sheria ilikuwa moja tu: mtoto akiligusa hali ugali siku hiyo. Kwa hiyo elimu yangu ya bunduki iliishia kwenye njaa.

Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa. Unaujua mtego wa panya, ule wa ubao na springi? Bunduki ndani yake ni mtego wa panya. Kuna pini ndefu ina springi kali nyuma yake. Ukivuta komeo nyuma na kulisukuma mbele, ile pini inabaki imerudi nyuma, inatamani kuruka ikaligonge kalio la risasi. Kinachoizuia ni kichuma kidogo, na hicho nacho kimeegemea kichuma kingine chini yake, kwa ukingo mwembamba kuliko ukucha wako. Ukivuta triga, ukingo unateleza, pini inaruka, paa! Ule ukingo ukiwa mpana, triga inakuwa nzito na inakwaruza, mkono unatikisika, risasi inakwenda kwa jirani. Ukiwa mwembamba, triga inakuwa laini kama kuvunja njiti ya kiberiti. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, basi ni ule mtego uliowahi kukuuma wewe mwenyewe wakati unauweka chini ya kitanda.

Sasa triga ya zamani ya hiyo 700, bunduki iliyoingia sokoni mwaka 1962, ina kitu kimoja cha ziada. Mbele ya triga kuna kipande chembamba cha chuma kilichokaa kama mgeni kwenye daladala, hakijafungwa na chochote, springi tu ndiyo inakisukuma kikae mahali pake. Kila ukifyatua kinaachana na triga, halafu kinatakiwa kirudi. Wanaoilaumu triga hiyo wanasema katika ule mwanya panaweza kuingia uchafu, kutu, mafuta yaliyoganda au barafu, kikashindwa kurudi sawasawa. Hapo mtego umekaa vibaya na wewe hujui. Unakuja kusogeza kile kitufe cha usalama ili utoe risasi, hujagusa triga, na bunduki inalia.

Hayo si maneno ya kijiweni. Fundi aliyeibuni triga hiyo, Mike Walker, aliandika kazini kwake miaka ya arobaini kwamba kuna hatari, akapendekeza kidude cha kuzuia ambacho kingegharimu senti 5 na nusu kwa kila bunduki. Senti tano na nusu, ndugu yangu! Hakikuwekwa. Mwaka 2000 kule Montana mtoto wa miaka 9 alikufa wakati mama yake anajiandaa kutoa risasi kwenye bunduki ya aina hiyo. Alisogeza kitufe tu. Na toleo la kabla ya 1982 lilikuwa linafunga komeo ukiwa kwenye usalama, kwa hiyo ili utoe risasi ilikuwa lazima kwanza uondoe usalama. Baba wa yule mtoto alipambana na kampuni miaka na miaka. Mwaka 2010 televisheni ya CNBC ikarusha kipindi kizima, na Walker mwenyewe, mzee wa miaka 98, akahojiwa. Kampuni ilisimama kidete kwamba bunduki zake ni salama, lakini mwaka 2014 ikakubali kumaliza kesi ya wateja kwa kuwabadilishia triga bure. Bunduki zilizohusika zilifika kama milioni 7 na nusu. Mahakama ikapitisha makubaliano hayo mwaka 2017, mlango wa kudai ukafungwa mwaka 2020, na mwaka huo huo kampuni ikafilisika mara ya pili na kuuzwa vipande vipande.

Mzee wangu tangazo alilisoma. Akalitumia kuwashia moto. "Miaka hamsini hii bunduki haijawahi kunifanyia utoto," alisema. Na ni kweli, haijawahi. Binti yake akamjibu, "Kule kazini kwangu kila anayeletwa, bunduki yao nayo ilikuwa haijawahi." Mzee akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Siku ya tatu akarudi toka mjini na kiboksi. Ndani kuna triga mpya ya kampuni nyingine, ile ya kuchomeka tu, haina kile kipande cha mgeni wa daladala. Akaniita: "Kijana, nipe vidole vyako." Vyake vimejikunja kwa baridi yabisi, hawezi kushika pini ndogo. Mimi nikajiona fundi. Kwa ubwege wangu sikujiuliza ni nini hasa nakwenda kukishika.

Tukashuka besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba kabisa, yalipo mashine ya kufulia na mabegi yangu. Katoto kakaja nako, kakakalia ndoo. Juu yetu ni jikoni, unamsikia mama mtu anatembea, kwata kwata, anaandaa mambo ya sikukuu.

Kwanza risasi. Zote zilibaki ghorofani kwenye sanduku la chuma, ufunguo anao binti. Mzee akatoa komeo, akachungulia kwenye mtutu, akanichungulisha na mimi, akamchungulisha na mjukuu. Watu watatu tumechungulia tundu moja tupu. Halafu akaniambia nifungue skrubu za chini. Bisibisi lazima itoshe sawasawa mdomoni mwa skrubu, ukiforsi inakula chuma, na mzee alikuwa ananitazama kama mkwe anayetazama mahari inavyohesabiwa. Chuma na mti vikaachana. Hapo ndipo nikaiona triga ya zamani, ina vumbi na mafuta meusi, ukubwa wake kama kiberiti. Kitu chenyewe ni kile tu, hicho kilichozaa kesi zote hizo.

Imeshikiliwa na pini mbili. Unazisukuma toka upande mmoja kwenda mwingine kwa kijichuma na nyundo ndogo, taratibu. Ya mbele ikatoka bila ubishi. Ya nyuma nayo ina mambo yake, kwani imeshikilia na kile kidude kinachozuia komeo lisichomoke, na kidude hicho kina kaspringi kake. Mzee kanionya mara nne kuhusu kaspringi. Nikamwambia, "Sawa mzee." Kakaruka. Tukapiga magoti wote watatu, tochi mkononi, dakika arobaini. Katoto ndiko kalikokaona, ndani ya kiatu changu cha kazini. Sitaki maswali.

Triga mpya ikaingia, pini zikarudi, skrubu zikakazwa. Tukaangalia kama kitufe cha usalama kinacheza bila kugusa mti. Kinagusa. Mzee akakwangua mti kidogo kwa msasa, huku anaugulia kama anayenyolewa ndevu bila maji.

Sasa ndiyo tukafika kwenye kurekebisha. Hiyo triga ina skrubu tatu ndogo. Moja ni ya uzito, yaani nguvu unayotakiwa kuvuta. Nyingine inazuia triga isiendelee kurudi nyuma ikishafyatua. Ya tatu ndiyo ya ule ukingo mwembamba niliokwambia, na hiyo kiwandani wameipaka kilaki, na karatasi iliyokuja na kiboksi imesema wazi isiguswe. Uzito unaruhusiwa kucheza kati ya paundi 1 na nusu na 4. Kiwandani wameiweka paundi 3, yaani kama kilo 1 na gramu 360. Tukaipima kwa mizani ya springi, ile ya kuning'iniza kama ya muuza samaki. Paundi 3 kasoro kidogo. Safi.

Mzee akaijaribu. Tk. Macho yakamlegea. "Laini," akasema, kama anayeonja asali. Akarudia. Tk. Halafu akasema, "Ipunguze." Nikapunguza ikawa 2. "Ipunguze tena." Ikawa 1 na nusu, mwisho wa ruhusa. Nikamuuliza mtoto wa miaka 12 mwenye glavu za baridi anahitaji laini yote hiyo ya nini. Akasema hajui mwingine atakayeirithi. Nikanyamaza. Sasa ndiyo akaniambia lile neno: "Na ile ya tatu. Robo mzunguko tu. Bado naisikia inakwaruza."

Msomaji wangu, mimi karatasi nilikuwa nimeisoma. Kiingereza changu cha Fomu Foo kilitosha kabisa kuelewa lile neno "usi". Lakini mzee kazaliwa na bunduki mkononi, mimi nimezaliwa na ndoo ya maji. Nikaona nani mimi wa kumfundisha. Nikakwangua kilaki, nikazungusha robo. Labda na nusu ya robo. Mkono ulikuwa wangu.

Tk. Loo, ilikuwa tamu kweli, siwezi kukudanganya. Ukifikiria tu imeshafyatua.

Yule binti mdogo akasema, "Babu, kozini walisema lazima tuigonge." Ni kweli, kuna majaribio. La kwanza: unaifunga komeo bila risasi, unaweka usalama, unavuta triga kwa nguvu, unaachia, halafu unaondoa usalama bila kugusa kitu. Pini isiruke. Tukafanya mara kumi, haikuruka. La pili: unalisukuma komeo mbele kwa kishindo. Mara kumi, haikuruka. Mzee akaanza kutabasamu na kumtafuta binti yake kwa macho kwenye ngazi. La tatu: usalama umeondolewa, mtego uko tayari, unaidondosha kitako chini juu ya kijizulia cha mpira, urefu wa shibiri moja, mtutu ukiangalia juu.

Mimi ndiye niliyeishika. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu:

Tk.

Hakuna aliyesema kitu. Kidole changu kilikuwa mbali na triga, wote tulikiona. Juu yetu tukasikia kwata, kwata, kwata, toka kwenye sinki mpaka kwenye jiko. Katoto kakaangalia mtutu, kakaufuata kwa macho mpaka kwenye mbao za dari, halafu kakasikiliza zile hatua. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukizeeka haraka vile.

"Pale ndipo anaposimama mama," kakasema.

Mzee akakaa chini kwenye ngazi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na siyo ya baridi yabisi. Kama dakika tano nzima. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, usiguse tena. Mimi na wewe hatuna akili."

Kesho yake asubuhi tukaipeleka kwa fundi bunduki mwenye leseni, mjini. Kwa mzee wangu kwenda kwa fundi ni kama Mzaramo kununua madafu dukani. Fundi akaangalia pale kilaki kilipokwanguliwa, akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akauliza, "Nani kafanya hivi?" Mzee akasema, "Mimi." Nikataka kusema kitu, akanikanyaga mguu. Fundi akarudisha ukingo upana wake, akaweka uzito paundi 3 na nusu, akaigonga kila upande kwa nyundo ya mpira mpaka nikaanza kuionea huruma, akazifunga skrubu kwa gundi mpya. Bei yake sikutajii, ila ingenunua kiboksi kingine nusu. Njiani kurudi mzee aliongea sentensi moja tu: nyumbani tusiseme, atasema mwenyewe siku muafaka.

Siku muafaka ikachaguliwa na mwingine.

Alhamisi ya Shukrani huku watu wanazunguka meza, bata mzinga katikati, na kila mmoja kabla ya kula anataja kitu anachoshukuru. Mama mtu kashukuru afya. Mimi nimeshukuru kazi na grini kadi. Mzee kashukuru marehemu mkewe. Ikafika zamu ya katoto. Kakafumba macho, kakasema: "Nashukuru kwamba bunduki haikuwa na risasi."

Uma wa mama mtu ukabaki hewani. "Bunduki gani?"

Hapo nilitamani ile baridi ya nje. Mzee akaeleza yote, toka mwanzo, hakuficha hata robo mzunguko, ila jina langu akaliruka. Nikalitaja mwenyewe. Yule mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliuliza tu, "Mtutu ulikuwa unaangalia wapi?" Na hakuna aliyejibu, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaangalia sakafu, pale karibu na jiko.

Akasimama, akavua aproni, akafungua kabati la bunduki, akashuka nayo besimenti peke yake. Mlango akauacha wazi. Bata mzinga anapoa, mchuzi unaganda, sisi watatu tumekaa mezani kama tumefumaniwa. Tukaanza kusikia kishindo cha kitako kwenye zulia la mpira, halafu sauti yake inahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Katoto kakanishika mkono: "Kaka, tusogeze viti."

Tukasogeza viti mpaka ukutani, mzee naye akasogeza chake, taratibu, bila ubishi. Alihesabu mpaka hamsini. Hatukusikia ile tk. Akapanda juu, akaosha mikono, akakaa, akasema, "Kuleni." Tukala.

Jumamosi alfajiri walitoka wote watatu, mama mtu kajiombea ruhusa kazini, chungwa tupu kama mzigo wa Muheza. Walirudi jioni mikono mitupu. Walimwona kulungu mmoja, dume, lakini alikuwa amesimama juu ya kilima na nyuma yake ni anga tupu, katoto kakakataa kufyatua. Kalisema hajui risasi ingeangukia kwa nani. Jioni hiyo nikawapikia wali na maharage ya nazi ya kopo, wakala wakamaliza, na mzee akaomba ukoko.

Wiki ijayo nitawajibu wale mlioniuliza habari za kodi ya nyumba huku. Ila yule wa Mbagala anayetaka nimtafutie mchumba Mzungu, ndugu yangu, mimi mwenyewe bado natafuta. Tchao!